Mtandao Uliokwama Alasiri

Siku nilipomvunja mdogo wangu kidole, kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mwanafunzi aliyeganda mdomo wazi, katikati ya swali ambalo sikuwahi kulisikia lote.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati hapa Katesh, na ninaendelea kuwa mwalimu. Asubuhi nafundisha shuleni. Wakati ule, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja alasiri, nilifundisha pia kwa video watoto wa mijini. Mdogo wangu wa kike, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, alikuja kutoka kwa mama yetu Tumati kujifunza ushonaji. Tuliishi wawili tu. Alitoka darasani kwake saa nane, akapika, tukala, mimi nikafungua kompyuta.

Asubuhi za Jumamosi mtandao ulikwenda kama maji. Ikifika saa tisa, picha zilianza kukwama. Sauti inakatika, inarudi, inakatika tena. Wazazi wakaandika: "Mwalimu, hausikiki." Nilizima rauta nikaiwasha. Nikaihamisha chumba. Siku moja niliipiga teke ikagonga ukuta, kisha nikapiga magoti kuunganisha nyaya zake huku nikiitukana kama mtu.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa jirani, fundi wa kuchomelea mageti. Mashine yake ilinguruma alasiri, na mimi nilikwama alasiri. Nikavuka uzio.

"Mashine yako inaharibu mtandao wangu," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi nachoma vyuma. Mtandao wako nimeushikia wapi?"

"Zima."

"Sizimi."

Nikaokota kipande cha nondo. Sijui nilitaka kukifanyia nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Alinipiga ngumi moja ya mdomo, akaninyang'anya nondo, akanibana shingo kwenye geti alilokuwa bado hajalipaka rangi. Nilisikia joto la chuma likipita kwenye shati. Aliponiachia, nilitema damu na kipande cha jino.

"Nenda ukanawe," alisema.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika mtaa mzima. Mashine ya jirani ilinyamaza. Rauta yangu ilikuwa kwenye betri ya sola, nikafungua somo nikiwa na mdomo uliovimba. Saa tisa na nusu picha ikaganda.

Nafundisha watoto kwamba ukiondoa jibu moja kati ya mawili, linalobaki ndilo. Jirani alikuwa ameondoka kwenye hesabu. Kwangu alibaki mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kila alasiri, mwenye simu mkononi.

"Ukiwasha simu yako muda wangu wa kazi, tutakosana," nilimwambia mdogo wangu.

"Kaka, sijaunganisha tangu juzi."

"Nisikukute."

Siku ya tatu nilimkuta. Alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimeinamia kioo cha simu. Sikuuliza. Niliishika simu, naye akaishika, nikaikunja pamoja na mkono wake. Kidole kililia kama kijiti kikavu. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa nyumbani kwetu, kisha akanyamaza kabisa, na ukimya ule ndio ulionirudisha akilini.

Simu ilianguka kifudifudi. Niliigeuza. Kulikuwa na picha ya gauni lililochorwa vipimo, ambayo mwalimu wake alimtumia wiki iliyopita. Waifai ilikuwa imezimwa. Chumba cha pili mwanafunzi wangu alikuwa bado ameganda.

Jirani aliruka uzio. Alimtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. Alimpandisha kwenye pikipiki yake akampeleka hospitali. Kesho yake mdogo wangu alipanda gari la kupitia Dareda, mkono ukiwa na bandeji ngumu, akarudi Tumati.

Nikabaki peke yangu. Alasiri hiyo nyumba haikuwa na mtu mwingine wala simu nyingine, na mtandao ukakwama.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni. Kuna kipimo kwenye kompyuta kinachotuma ujumbe mdogo na kuhesabu muda unaotumia kwenda na kurudi. Niliunganisha kompyuta kwenye rauta kwa waya, nikapima. Kati ya kompyuta na rauta, kila ujumbe ulirudi sawasawa. Kutoka rauta kwenda nje, ulipotea, ukarudi, ukapotea. Basi kosa halikuwa chumbani kwa yeyote. Nilitoka na daftari, nikaandika saa na kilichokuwa kikitokea. Kila mara namba zilipovurugika, bati lilikuwa linagonga. Upepo wa kutoka upande wa ziwa Balangida huanza mchana na kulegea jioni.

Nilipanda juu ya paa. Waya ulioshuka kutoka kwenye dishi la mtandao ulikuwa umebanwa kwa msumari uliokunjwa, pembeni ya bati. Upepo ukivuma, bati linainuka na kuukata waya kidogo kidogo, kama msumeno. Ngozi ya nje ilikuwa imekwisha. Msumari ule niliupigilia mwenyewe, siku niliyogombana na fundi wa mtandao nikamwambia aondoke, nitamalizia.

Nilinunua waya mpya, nikaupitisha mbali na bati. Mtandao haujakwama tena. Nilikaa juu ya paa nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Jumamosi nilikwenda Tumati. Mama alikuwa uani.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Nilirudia. Aliendelea kupepeta maharage, pumba zikanirukia usoni. Mdogo wangu alikuwa karibu na mlango, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, gunzi amelibana kwa magoti.

Nikamwambia nimegundua. Nikamweleza msumari, bati, upepo. Nilieleza vizuri, kama mbele ya ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, kaka," akasema, "ungekuta kweli ni mimi, kidole changu kingekuwa halali yako?"

Mama akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Niliondoka mchana uleule.

Masomo ya video niliyaacha. Shuleni, wiki iliyofuata, mwanafunzi mmoja alichelewa, akaninyooshea kiganja kabla sijasema kitu. Nilimwambia akae. Alisita, akidhani ni mtego, na darasa zima likanitazama mikono.

Mdogo wangu sasa anashona mjini Mbulu. Kidole hakikunjiki vizuri, kwa hiyo amejifunza kushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Nasikia ana wateja wengi. Nasikia kwa watu, maana mimi hanipigii.