Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilipoolewa Ngonga, kijiji cha karibu na ziwa, miaka ile ya ruksa biashara ilipoachiwa huru, mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa chini kila siku ya gulio na kila mtu alijiona wa kisasa. Mimi zaidi, maana nilikuwa na cheti cha maabara. Lakini mila ya Kinyakyusa haiulizi cheti. Mkamwana haonani na baba mkwe wake. Mkikaribiana, wewe mkamwana ndiye unayekimbia.

Baba mkwe alikuwa muungwana. Akifika kwenye migomba ya mpakani mwa ua wetu alikohoa mara mbili, ili nipate muda wa kujificha nyuma ya jiko. Nilitupa mwiko nikaondoka, mama mkwe akicheka: "Kimbia, mwanangu, bwana mkubwa huyo!" Miaka mitatu nilimjua kwa kikohozi, kwa harufu ya sigara zake za kutoka nchi jirani, ng'ambo ya mto Songwe, na kwa ndizi mbivu alizoniachia juu ya kinu. Nami nilimjibu kwa wali. Sahani yake haikurudi na punje.

Msimu mmoja wa kuvuna mpunga kikohozi kikazidi. Alikohoa mpakani, akakohoa uani, akakohoa hata akiwa ameketi. Tukasema mzee amezidisha heshima. Mimi, niliyekuwa nikipima makohozi ya watu kila siku hospitalini, nilinung'unika tu kwamba ananichosha kwa kunikimbiza. Hilo linanikera mpaka leo. Alipotema damu, saratani ilikuwa imeshakaa pafuni.

Akapelekwa Dar es Salaam kutundikiwa dripu. Mume wangu aliporudi naye alisema dawa ni kali, inazunguka mwili mzima na kunyonyoa nywele, lakini inayoingia kwenye uvimbe wenyewe ni kidogo. Kwa siku chache kifua kilitulia.

Asubuhi moja nilikuwa napepeta mchele. Sikusikia mtu akija. Mara sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa matete, ya chini, iliyochoka:

"Ndaga, mwanangu, asante kwa wali wako. Leo sikohoi. Usikimbie."

Nilikimbia. Ungo ulibaki chini, mchele umemwagika, mimi niko kwenye mikakao ya jirani nahema. Nilidhani ndiyo adabu. Wiki iliyofuata tulimzika.

Sasa nina mvi, na maabara yangu iko mbali na ziwa. Tunaotesha seli za saratani ya pafu kwenye visahani, tunatia dawa ya jamii ile ile, tunaongeza viputo vya gesi visivyoonekana kwa macho, kisha tunapitisha ultrasaundi, mawimbi ya sauti yaleyale ya kumpimia mama mjamzito, ambayo sikio haliyasikii. Viputo vinatetemeka, utando wa seli unafunguka kidogo, dawa inaingia. Bado ni mambo ya visahani, na anayejigamba mbele yangu namkatiza palepale.

Ila mashine ikiwashwa, namkumbuka mpaka kifua kinauma. Seli za ugonjwa uliomuua nimezitazama kwa darubini miaka na miaka. Uso wake sikuuona hata siku moja. Natamani asimame tena nyuma ya matete yale, asikohoe. Nitaweka ungo chini taratibu, nigeuke.