Utingo wa Jina Langu

Miaka ile ya wakimbizi, Ngara ilikuwa na malori mengi kuliko nzi. Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, nilisoma hesabu kwa karabai moja tukiwa watu arobaini, kwa hiyo nikisema mengi kuliko nzi ujue nilijaribu kuhesabu vyote viwili. Malori ya unga, ya maharage, ya mafuta ya kula, ya maji, yote ya mashirika ya misaada, yakielekea kambini. Yalikuwa meupe, yana vioo vyote, na waliokuwa wakiyaendesha walivaa buti. Dereva wa shirika ulimjua kwa mwendo wake hata akiwa anakwenda chooni.

Mimi nilikuwa naendesha lori la mnunuzi wa maharage wa Nyakanazi, ambaye wote tulimwita tajiri. Lori lile sakafu yake ilikuwa na tundu kubwa hivi kwamba nikipita vijijini nilikuwa naangaliana na kuku. Breki zilishika Jumatatu na Alhamisi. Mshahara wangu ulikuwa chakula cha mchana na ahadi, na ahadi ndiyo ilikuwa na nyama.

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Bisibo. Hakufukuzwa, hakupigwa, alichoka tu. Baba yake, mkulima mwenye migomba mizuri na maneno machache, aliniambia mbele ya ndugu zake:

"Mkwe, wewe hujapata kazi. Wewe umepata usukani. Siku utakapoleta kazi yenye karatasi, utamkuta mwenzako amefunga mzigo."

Mama mkwe, ambaye kwa adabu nilikuwa namsikia tu bila kumwangalia, alikohoa nyuma ya ukuta wa jiko. Kikohozi kile kilikuwa ni muhuri.

Basi siku moja wakabandika tangazo kwenye lango la shirika moja pale Ngara: wanatakiwa madereva wa malori, watapimwa barabarani siku ya Alhamisi, kila mtu aje na leseni yake halisi. Nililisoma mwenyewe, kisha nikawasomea kwa sauti madereva kumi na mmoja ambao shule waliiona kwa dirisha la lori. Nilipomaliza walinitazama kama padri. Lakini mimi leseni yangu sikuwa nayo.

Pale kwetu ilikuwa desturi. Ukipewa ufunguo wa lori, unatoa leseni. Tajiri anaiweka kwenye sanduku lake pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, ili usije ukamtorokea na gari, au ukamtorokea tu. Polisi wa njiani hawakuwa na shida; wakiuliza, unasema leseni iko kwa tajiri fulani, wanakwambia msalimie. Miaka miwili niliendesha kwa salamu.

Jumatatu nilikwenda kumwomba. Alikuwa anapepeta maharage mkononi, anayapuliza, anayarudisha guniani.

"Leseni ya nini?"

"Nataka tu kuitazama, mzee. Nimesahau sura yangu ya ujana."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Umesikia tangazo la Ngara. Sikulaumu, hata mimi ningekuwa na miguu mizuri ningekwenda. Njoo Jumatano, ufunguo wa sanduku uko kwa mama watoto, na mama watoto yuko msibani."

Jumatano mama watoto alikuwa amerudi, ila ufunguo, akasema tajiri, ulikuwa umebaki msibani. "Wewe tangulia," akaniambia kwa upole ambao sijauona tena kwa binadamu. "Nitamtuma shemeji yangu akuletee huko huko langoni."

Mtu mwenye akili angenusa. Mimi nilimshukuru kwa mikono miwili.

Alhamisi nilifika langoni mapema, shati nimelipiga pasi ya mkaa mpaka linasimama lenyewe. Jua likapanda. Walipimwa madereva, wengine wakatoka wanacheka, wengine wakatoka wanalia, shemeji sikumwona. Saa nane nikajikaza, nikamwendea karani wa usafiri, kijana wa Kitanzania mwenye kalamu tatu mfukoni. Nikamtajia jina langu, nikamwambia leseni iko njiani.

Akapekua orodha. Akainua macho.

"Jina gani?"

Nikarudia, na la baba na la babu.

"Huyu tumeshampima asubuhi. Amefaulu. Ametoka na lori la unga sasa hivi, kwa lango la nyuma."

"Huyo ndiye mimi," nikasema.

Karani akamgeukia mlinzi. "Mzee, njoo umwone huyu. Amefaulu na hajui."

Mlinzi akaja, akanizunguka kama anayenunua mbuzi. "Kama wewe ndiye uliyetoka na lori, mbona uko hapa? Na lori umeliacha wapi?" Foleni nzima ikacheka. Wale kumi na mmoja niliowasomea tangazo ndio walicheka zaidi, maana walinijua.

Shemeji wa tajiri alikuwa amebandua picha yangu kwenye leseni na kubandika yake. Gundi, nilikuja kuambiwa, ilikuwa ya ugali.

Nilirudi Nyakanazi kwa hasira za kuangusha nyumba. Tajiri alinikaribisha chai.

"Nenda polisi," akasema. "Njia unaijua. Lakini wakikuuliza umeendesha miaka miwili na leseni gani mfukoni, utajibu nini? Na ukienda, mimi simjui aliyebandua picha. Wewe ndiye mwenye leseni iliyochezewa."

Nikapiga funda. Chai ilikuwa na sukari nyingi, nakumbuka, mkono wake siku hiyo ulikuwa mkunjufu.

"Sasa sikiliza, mdogo wangu. Huyu shemeji yangu tambarare anajua, ila milima inamtoa jasho. Anahitaji utingo anayejua mpando wa kuingia Ngara mjini. Utalala vizuri, utakula vizuri."

Utingo ndiye anayeshuka kuweka jiwe chini ya gurudumu, anayefunga turubai, anayepigiwa honi akichelewa. Mimi, dereva wa lori lisilo na breki siku tano za wiki, niwe utingo wa mtu anayetumia jina langu. Ukitaka kujua nilichojibu, nilijibu hivi: "Nipeni mkataba wake wa shirika niuazime siku tatu."

Maana mkataba ulikuwa na jina langu, la baba na la babu, na muhuri wa bluu, na haukuwa na picha.

Baba mkwe aliupokea kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, lakini alimwita katekista asome, na alipofika kwenye jina langu akamwambia arudie. Alipitisha dole gumba juu ya muhuri kama anayepima kama ndizi imeiva. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alinitazama usoni.

"Tukishavuna maharage nitakuja," akasema.

Niliondoka Bisibo bila kukanyaga chini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kutoka langoni jina langu lilikaa kwenye usukani, mimi pembeni. Tukifika mahali hawatuoni, tunabadilishana. Lori lile, ndugu zangu, usukani wake uligeuka kwa kidole kimoja. Nilikuwa naweza kupiga chafya likapinda kona. Nililipandisha milimani likiwa na magunia kama halina kitu. Karibu na lango la kambi tunabadilishana tena, yeye anashusha kioo, anasalimiwa kwa jina langu, ananiambia, "Utingo, shuka uweke jiwe." Alikuwa na furaha sana kulisema neno hilo. Siku moja kwenye mteremko wa Rusumo nilitoa gia makusudi, nikaliacha lishuke lenyewe mpaka akaanza kusali kwa Kihangaza, Kiswahili na lugha nyingine ambayo nadhani aliitunga. Nilipokanyaga breki machozi yalikuwa yanamtoka. Sikujuta. Hata leo nikikumbuka nalala vizuri.

Maharage yakakaribia kuvunwa. Nikapanga chumba, nikanunua kitanda, nikanunua hata beseni.

Ndipo yule shemeji wa tajiri akaoa. Alimpata binti mmoja Kabanga, karibu na wale wanaobadilisha fedha za Burundi, na kwa kuwa kule wote walimjua kwa jina langu, akaoa kwa jina langu. Pombe ya ndizi ilinywewa siku mbili. Watu wa mabasi wakabeba habari kama wanavyobeba kuku, na kabla sijafika kufungua mdomo, Bisibo walishajua kwamba mkwe wao, dereva mkubwa wa shirika, ameoa mke wa pili.

Niliitwa. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda, ndugu zake wawili pembeni, mke wangu chini kwenye mkeka. Mzigo wake ulikuwa umefungwa, nauona hata sasa, kitenge cha njano kimekazwa mafundo mawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeoa Kabanga."

"Sikuoa, baba."

"Aliyeoa ana jina lako, na la baba yako, na la babu yako. Anaendesha lori la shirika. Wako wangapi?"

Nilikuwa na njia mbili. Niseme nimeoa, nipige magoti, nibaki na kazi yenye karatasi. Au niseme ukweli. Njiani nilikuwa nimejiambia kwamba ukweli ndio mwepesi, kwa sababu katika ukweli sikuwa nimemkosea mke wangu hata kidogo.

Nikawaeleza yote. Leseni, sanduku, gundi ya ugali, jiwe chini ya gurudumu. Nikaeleza vizuri, kisomi, hata nikaweka na vichekesho. Hakuna aliyecheka mpaka nilipofika kwenye neno utingo. Hapo wale ndugu wawili walishikana mabega.

Baba mkwe hakucheka. "Kwa hiyo yule ameoa kwa jina lako, anakula kwa jina lako. Na wewe unamwekea jiwe."

"Ndiyo, baba."

Nyuma ya ukuta wa jiko, mama mkwe akakohoa.

Mke wangu aliinuka kwenye mkeka. Nilidhani anakuja upande wangu. Aliinama, akaanza kufungua fundo la kitenge, la kwanza, halafu la pili, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Bora ungeoa," akasema. "Ningekuja tukagombana."

Nilitembea mpaka barabarani, nikapata baiskeli, kisha lifti, mpaka Nyakanazi. Pale njia panda nikakaa kwenye jiwe karibu na mama mmoja muuza mihogo, shati langu la pasi limelegea. Lori jeupe lilikuja kutoka upande wa Kahama, limejaa magunia, likasimama mbele yangu. Kioo kikashuka. Ndani shemeji wa tajiri alikuwa amevaa buti zilizotolewa kwa jina langu, na chini ya kofia uso wake ulikuwa umenawiri kwa ubwana harusi.

"Utingo," akaniita. "Panda bwana, milima inatusubiri."

Nikapanda. Tulipovuka nyumba za mwisho akasogea pembeni, nikashika usukani.