Kovu la Mtoto wa Dobi

Kwa miaka kumi na saba nimepakana ukuta na mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mimi nashona, yeye anafua na kupiga pasi, na kati yetu kuna mbao nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya mwenzako anakwambia pole. Wateja wanamwita Mama Dobi. Ameshapita sabini. Chumba chake kina mabeseni matatu makubwa, meza ndefu iliyofunikwa blanketi la kijivu, na pasi mbili za mkaa, kwa sababu umeme wa mtaa wetu huondoka bila kuaga. Vidole vyake vimechanika kwenye viungo kwa sabuni, vinapona, vinachanika tena. Ana binti mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini, wanafanya kazi pamoja. Mama anafua, binti anapiga pasi. Wakiishiwa na maneno wananigongea ukuta kuniuliza kama nimekufa.

Basi uchaguzi ukaja, na mtaa ukabandikwa mabango mpaka kwenye mlango wa choo cha soko. Kwenye picha alikuwa mwanamume mwenye shati lililokunjwa mikono, amekaa kwenye kigoda, kandambili miguuni, anacheka kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Chini yake: MTOTO WA DOBI. SHIDA ZENU NAZIJUA.

Sote tulijua kwamba huyu bwana hushuka kwenye gari lake kubwa nyuma ya kituo cha mafuta, akabadilisha viatu, kisha akatembea mpaka mkutanoni akifuta jasho. Tulimwona kwa macho yetu. Tukacheka, tukasema ana akili huyu, na jioni tukaenda kumpigia makofi. Nami nilipiga. Hasira yangu ningependa ianzie hapo, kwangu mwenyewe, kabla sijafika kwake.

Hotuba yake ilikuwa moja, na tuliijua kwa moyo. Mama yake alifua nguo za watu. Yeye alikuwa na shati moja tu la shule. Jioni mama analifua, analikausha kwa pasi, asubuhi yeye analivaa lingali na joto. Akifika hapo ananyamaza, anameza mate, anainua mkono wa kushoto ili watu waone kovu lililotanda kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

"Hili nililipata nikimsaidia mama kupiga pasi," anasema. "Nilikuwa na miaka minane! Nani kati yao anaweza kuwaonyesha kitu kama hiki?"

Uwanja mzima unalipuka. Wanawake wanafuta machozi.

Binti wa Mama Dobi alishikwa kuliko sisi wote. Alivaa fulana yenye picha ya mgombea, akaimba wimbo wake huku anapiga pasi. "Mama, huyu ni mtu wetu," nilimsikia akisema. "Dobi kama wewe kamzaa. Safari hii tumepata wa kwetu." Mama yake akazima redio. Halafu nikasikia beseni limepigwa teke likaenda kugonga ukuta.

Nikatoka mbio. "Kuna nini, Mama Dobi?"

"Maji yamenimwagikia, fundi. Rudi kazini."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa kavu.

Wiki moja kabla ya kura akaja mratibu wa kampeni, mwanamama mwenye simu mbili na manukato yaliyotangulia mlangoni. Alisema Jumamosi saa nne asubuhi mgombea atapita hapa apige pasi shati moja mbele ya kamera, kumbukumbu ya mama yake. Alizunguka chumba akipima kwa macho kama anayenunua ng'ombe.

"Msisafishe sana," akasema. "Tunapataka hivi hivi. Hilo beseni lililopasuka lileteni mbele. Na wewe mama, usibadilishe nguo. Gauni hilo lililofifia ndilo zuri."

Mama Dobi akarudi kwenye beseni lake. Binti alikuwa ameshaanza kurukaruka kwa furaha.

Ijumaa mchana sikushona chochote. Nilikaa na kitambaa mapajani nikisikiliza, na sioni haya kusema hivyo.

"Kaa chini," mama alisema. "Zima hiyo pasi. Huyo mtu mimi namjua. Nilikuwa yaya kwao."

"Kwa nani?"

"Kwao. Baba yake alikuwa mkubwa wa forodha. Mama yake hajawahi kufua hata leso. Aliyefua ni mimi, aliyepiga pasi ni mimi. Wewe ukitoka shule ulikuwa unakuja kukaa chini ya meza ya pasi, unasoma. Hukumbuki? Nyumba yenye ngazi za vigae."

"Nakumbuka ngazi."

"Lile shati moja la hotuba lilikuwa lako. Kuna siku yule mtoto alikugusa begani akaniuliza, yaya, kwa nini shati lake lina joto? Nikamweleza kila kitu. Mtoto kauliza, nimdanganye?"

Mama akaendelea kwa sauti ile ile ya chini.

"Siku hiyo ya kovu nilitoka kuanua nguo. Nimerudi, nimemkuta kaishusha pasi sakafuni, anaisukuma kama treni. Kabla sijamfikia kaivuta, ikamlalia mkononi. Nilimmwagia maji, nikambeba mgongoni, nikakimbia peku hadi zahanati. Tuliporudi, mama yake akamuuliza mbele yangu, nani kakuunguza? Akaninyooshea kidole."

"Wewe?"

"Mimi. Nilifukuzwa kabla jua halijatua. Yule mwanamke akanitangaza kila nyumba, akasema naunguza watoto. Mwaka mzima hakuna aliyenipa hata soksi nifue. Wewe ulikuwa darasa la sita."

"Mama, uliniambia niliacha shule kwa sababu ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa. Hasira nayo ni ugonjwa." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani. "Yule wa miaka minane nilishamsamehe zamani, aliogopa kuchapwa. Huyu wa miaka arobaini na sita hakuna anayemtisha."

Nikasikia kitambaa kinachanwa. Ilikuwa fulana.

Jumamosi akaja kwa miguu, kama kawaida yake, na ngoma za spika nyuma yake kwenye pikapu. Chumba kilijaa kamera mpaka nikasimama juu ya kiti changu mlangoni ili nione. "Shikamoo, mama yangu!" alisema kwa sauti ya uwanjani.

"Marahaba."

Hakumtambua. Nilimtazama vizuri usoni, wala hakushtuka. Alimpita, akaikamata pasi bila kupuliza majivu, akaibandika kwenye shati jeupe walilokuja nalo wenyewe. Majivu yakamwagika kwenye kola. Watu wakacheka, naye akacheka nao. "Ndivyo tulivyoishi nyumbani!" akasema. Halafu, na hapa nilitamani ardhi ipasuke, akamgeukia Mama Dobi na kuinua mkono. "Mama, unaliona hili kovu?"

"Naliona," akajibu. "Mimi ndiye niliyekukimbiza zahanati nikiwa peku. Sema nani alikuunguza."

Nilimwona yule bwana akimtazama mara ya pili, na uso wake wote ukalegea. Midomo ilicheza. "Yaya?" alisema, kidogo sana, sauti ya mtoto kabisa. Kama angeishia hapo, Mungu ni shahidi, ningempigia kura kwa mikono miwili.

Hakuishia hapo. Uso ulijirudia kama mtu aliyefunga vifungo vya koti. Akamrukia, akamkumbatia, akageukia kamera.

"Wananchi! Huyu ndiye mama aliyenilea! Miaka yote namtafuta, leo nimempata!"

Vigelegele. Mratibu akatoa ishara kwa mkono na spika zikafunguliwa mpaka mwisho. Mama Dobi alikuwa anamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili, anapiga kelele, "Niachie! Sema! Sema ulininyooshea kidole!" Lakini kwa mtu aliyeko barabarani ilikuwa picha ya bibi anayelia kwa furaha.

Binti alipenya kati ya watu, akafika kwenye pikapu, akang'oa waya wa spika. Mtaa ukanyamaza ghafla. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti akasikika hadi dukani kwa muuza mitumba.

"Shati lilikuwa la mwanangu! Mama yako hajafua hata leso! Umemwibia mwanangu shule, sasa unamwibia na shati lake!"

Kisha walinzi wakambeba binti juu juu, waya ukarudishwa, wimbo ukaendelea kutoka pale ulipokatikia.

Tuliosikia hatukuwa wachache. Nilidhani basi, yamekwisha, mtu huyu kaumbuka. Kesho yake bango jipya lilibandikwa kwenye mlango wangu mwenyewe, mgombea kamkumbatia Mama Dobi, na maneno MAMA NA MWANA. Nililichana. Kinyozi wa pembeni akanishangaa. "Sasa fundi, hasira za nini? Hata kama kaongeza chumvi, si anajua kuongea na sisi?" Nilimuuliza kama naye angeibiwa maisha yake angesema ni chumvi. Akaniambia nisikuze mambo. Hatujasalimiana vizuri tangu siku hiyo.

Alishinda. Karatasi ya matokeo ilibandikwa mlangoni mwa shule, na mtaa wetu ulimpa zaidi ya mtaa wowote. Mwezi haujaisha, wanaume wawili wakaleta mashine ya kufulia, mpya, imebandikwa picha ya mheshimiwa anacheka. Mama Dobi hakuwaruhusu kuvuka kizingiti.

"Iwekeni barabarani."

"Lakini mama, ni zawadi."

"Nimesikia. Iwekeni barabarani."

Ilikaa pale siku tatu inanyeshewa, kisha ikachukuliwa na mtu, sijui nani, wala sikuuliza.

Siku hizi kuna wanaomwita Mama Mheshimiwa, wengine kwa utani, wengine kwa dhati. Anayemwita hivyo hapewi nguo zake. Anaonyeshwa benchi, na mama anamsimulia kuanzia ngazi za vigae. Binti naye anaongeza pale mama anapochoka. Wateja wamepungua, karibu nusu. Juzi mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na haraka, akasema, "Mama, hayo yameshapita, tuangalie mbele."

"Kwako yamepita," akamwambia. "Kaa. Sijafika hata katikati."

Yule mwalimu akakaa.