Mshonaji Aliyepima Ski kwa Futi

“Kiuno kipana mno, dada! Hizo ni ski za theluji laini ya milimani. Mimi nateleza kwenye mteremko uliosawazishwa na mashine, tena umeganda barafu!” Ndivyo mshonaji wa mtaa wa Don Mills alivyonigombeza kila Novemba, mtaani Downsview, katika duka nililouzia ski, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Alitoa futi yake ya kushonea, akapima ski katikati, pale kiunoni, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chuma kama anayejaribu makali ya mkasi. Kisha aliikandamiza kwa kiganja. Ikibonyea upesi, aliguna. “Hii ya mwanafunzi. Mwendo ukikolea itatetemeka.”

“Mzee, unanunua ski au unakata suruali?”

“Na wewe koti hilo umeazima kwa nani? Mikono inakumeza. Nipatie ski inayong’ata barafu, nitakupunguzia hiyo mikono.”

Nilimpatia, miaka mingi tu. Nikimkumbusha koti, jibu lilikuwa lile lile: “Msimu ukiisha.” Misimu ikaisha, na magoti yake yakaanza kulia kila akiinama.

Novemba ya mwisho alichagua jozi nzuri kuliko zote, nyembamba na ngumu. Akaishika, akakunja magoti kama aliyeko mlimani, uso ukamkunjamana. Akairudisha ukutani taratibu.

“Yamekataa, dada.”

Akafuta miwani, akaichomoa ile futi.

“Haya, nyoosha mkono,” akasema, kisha akabana pini mdomoni.