Hina Viganjani mwa Wanafunzi Wangu

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Likizo hii wazee wa hapa Ole walinikubalia, kwa shingo upande, niwafundishe wavulana wao saba kuchora. Wakaniwekea sharti: nikileta balaa moja tu, darasa limekwisha.

Juzi rangi ikatuishia. Nikachukua hina aliyoitwanga dada yangu, nikawapaka watoto viganjani wagonge alama kwenye karatasi, nami nikajipaka niwaonyeshe. Raha ikatukolea, tukaja kunawa adhuhuri. Wapi! Viganja vyekundu kama vya bibi harusi.

Makame akaanza kulia. "Mwalimu, baba atanicheka!"

"Fumba ngumi, mwanangu. Kesho itafutika," nikamwambia, na mambo ya hina siyajui hata kidogo.

Kesho yake palikuwa na hitima msikitini, na baba zao wote wapo. Watoto wameketi, ngumi wamefumba, nami najipongeza. Mara Shehe akasema, "Tuombe dua." Mikono ikainuka, viganja wazi.

Shehe akawatazama wavulana viganjani. "Hawa wameoa lini?"

Baba yake Makame akanigeukia. "Muulize mwalimu, Shehe. Naona harusi yake ndiyo kubwa kuliko zote."

Nilikuwa bado nimeinua mikono.