Rula Mbele ya Miguu ya Mzee

Juzi nilikuwa kwenye foleni ofisi ya ardhi, hapa Nyamagana. Mzee mmoja alifika mlangoni na mkewe, miguu ikagoma kama imegandishwa sakafuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka.

"Mzee amelewa asubuhi hii?" karani akauliza.

"Hajalewa, mwanangu," mkewe akajibu. "Daktari anasema ubongo wake umepungukiwa kemikali inayoendesha mwili. Akisimama, kuanza tena ni kazi."

"Basi njoo usaini wewe, mama."

"Kiwanja ni changu," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Mwenye kiwanda cha minofu ya samaki anakitaka, na leo ndiyo mwisho wa kupinga. Nitasaini mwenyewe. Niwekeeni kitu chini nikivuke; miguu hii ikiona cha kuvuka, huanza tena."

Karani alishangaa, lakini akatoka na rula yake ndefu, akailaza mbele ya miguu ile. Mzee akaitazama, akainua mguu, akaivuka, akaenda moja kwa moja hadi kaunta. Alisaini kwa herufi ndogo kama sisimizi, ila zilikuwa zake.

Nimeona ofisi nyingi zikiweka kitu mbele ya mwananchi ili asipite. Hii ndiyo ya kwanza kukiweka ili apite. Na mzee alipogeuka kuondoka, karani alikuwa ameshailaza rula mlangoni, bila kuombwa.