Deki Niliyomnunulia Baba

Kaka yangu Masanja hapendi nikisimulia jambo hili. Anaogopa watu watatufikiria vibaya. Lakini lilitokea kweli, sebuleni kwangu hapa Tabora, mchana kweupe, na mimi nilikuwa nimeshika trei ya chai.

Baba alihamia kwangu kutoka Urambo baada ya mama kufariki. Shamba la tumbaku alimwachia Masanja alisimamie. Yeye alikuja na begi la nguo na kopo la biskuti lililojaa diski: kipaimara chetu, harusi ya Masanja, jubilei ya ndoa yao na mama. Deki yake ya kuchezea diski hizo ilikuwa imekufa. Akaniomba nyingine, nikadhani ni kazi ndogo.

Haikuwa ndogo. Deki mpya niliyoichukua kwanza ilikuwa nyepesi kama sahani. Filamu za dukani ilizisoma, diski za baba zenye mikwaruzo ikazitema. Ya pili iligandisha picha kila watu walipoanza kucheza. Nikaishia kwa fundi mmoja sokoni anayeuza zilizotumika. Safari hii nilibeba diski yetu, nikakaa palepale mpaka jubilei ikaisha. Ilikuwa deki ya zamani, nzito, na haikukwama hata mara moja. Ningeiacha kwa sababu gani?

Alasiri ileile baba akaweka diski ya jubilei. Kuna sehemu mama yuko uani anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, anamfukuza mpiga picha kwa sababu moshi umemjaa machoni. Sote tunaijua. Siku hiyo alimfukuza kama kawaida, kisha akaacha kusonga. Niamini: nyuma yake wanawake waliendelea kuchambua mchele, kuku akapita, yeye peke yake akasimama, akatazama upande wa kiti cha baba.

"Baba Masanja," akasema, kwa Kinyamwezi, kama walivyozoea kuongea nyumbani. "Mbona umekonda hivyo? Unakuja lini?"

Baba hakushtuka. "Nikishauza tumbaku," akajibu, kama mtu aliyeulizwa kutoka jikoni.

Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusonga.

Niliweka chai mezani, nikairudisha ile sehemu nyuma. Moshi, ugali, basi. Nikaipeleka diski kwa jirani: hivyohivyo, hakuna cha ziada.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Na deki ni nzuri, usiirudishe."

Nikampigia Masanja, nikamwomba asiuze tumbaku ya baba. Wewe ungefanya nini? Alicheka, lakini nilipomaliza kusimulia alikubali. Marobota ya tumbaku yakabaki ghalani, na sisi tukawa tunamwambia baba kwamba wanunuzi hawajafika.

Baba si mtoto. Alisikia kwa watu wa Urambo kwamba soko limefunguliwa, akapanda treni mwenyewe. Masanja anasema aliyatoa marobota bila ugomvi, akayasindikiza mpaka kwenye mzani, akawasalimia watu mmoja mmoja. Akarudi kwangu, akaoga, akasema anajinyoosha kidogo. Nilipokwenda kumwamsha ale, alikuwa ameshafariki.

Daktari alisema ni moyo. Sibishani naye.

Deki bado ninayo. Kuitupa naona vibaya, kumuuzia mtu naogopa. Kwa hiyo ukitafuta ya kuchezea diski za nyumbani, usidanganywe na mpya zinazong'aa. Chukua iliyo nzito, ijaribu kwa diski yako mwenyewe, tena ile yenye mikwaruzo zaidi. Lakini aliyemo ndani akikuuliza unakuja lini, nakusihi, usimjibu.

Baada ya msiba niliiwasha mara moja tu, nimwone baba akicheza kwenye ile jubilei. Kabla ya kufika hapo, mama aliacha kusonga ugali, akaita jina langu. Nilichomoa waya ukutani kabla hajauliza.